Walinipa 'gari bovu moja', leo wanalitaka likiwa zima!

Msomaji, kama hujafika Karatu ngoja nikupe picha haraka haraka. Unatoka Arusha mpaka Makuyuni, unakata kulia, unapita Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini kama sinia, halafu unaingia kwenye mji wa vumbi jekundu ambao gereji zake ni nyingi kama vibanda vya chipsi Kinondoni. Karibu kila mtalii anayekwenda Ngorongoro anapita hapa. Hapa mtoto anajua mpangilio wa gia kabla hajajua a-e-i-o-u. Na hapa gari ni Land Rover, hayo mengine ni usafiri tu.

Basi bwana, mimi ni mtoto wa kike wa hapa hapa, nimezaliwa Rhotia, na nina Land Rover yangu. Si ya kampuni wala ya mume (mume mwenyewe bado hajapatikana). Ni 109, pikapu, Series III, ya miaka ya 70. Ukiniona nayo pale stendi siku ya mnada utadhani nimezaliwa ndani yake. Lakini jinsi nilivyoipata ni kasheshe, na kasheshe yenyewe haijaisha.

Baba yetu alifariki mwaka 2021. Matanga yalipoanuliwa ukoo ukakaa, kwa sababu ukienda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi unatakiwa uwe na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kaka mkubwa akapendekezwa kuwa msimamizi. Shamba likagawanywa kwa kaka zangu watatu, ng'ombe vilevile, na nyumba akabaki nayo mama. Likaja swali la binti. Kimya. Baba mdogo aliyekuwa anaandika akanyoosha kalamu kuelekea nyuma ya zizi, akauliza, "Na lile je?" Watu wakaangua kicheko, msiba wote ukasahaulika. Akaandika, na nakala ninayo mpaka leo: "Gari bovu moja – binti."

Tuwe wakweli, lilikuwa bovu kweli. Lilisimama mwaka 2009 na halikugeuzwa tena. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Maboga yalikuwa yamepanda kupitia dirishani yakatokea paani. Mlango wa kushoto ulikuwa umeng'olewa na kufanywa mlango wa banda la mbuzi. Tairi zote nne zimezama kwenye udongo mpaka kwenye rimu.

Wiki ileile akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake. Akaligonga gonga, akatabasamu, akataja 700,000/- hapohapo, taslimu. Nikashangaa, mbona bei nzuri? Akanijibu bila aibu, "Dada, hii siyo gari, hii ni sufuria tupu."

Alikuwa sahihi kabisa. Bodi ya Land Rover ya zamani si bati la chuma, ni aluminiamu. Gari hilo lilizaliwa mwaka 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, kule Wales, akilimia kwa jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Alipoamua kutengeneza la kwake, chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo kutokana na vita, lakini aluminiamu ilikuwa inapatikana. Wakatumia hiyo. Hata rangi yake ya kijani ya mwanzo ilikuwa ile iliyobaki kwenye mambo ya jeshi. Yaani tatizo la Waingereza ndilo lililonisaidia mimi, maana aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Kuku, mvua, maboga, miaka kumi na miwili, na bodi ilikuwa bado inadai. Ndiyo maana wayeyusha sufuria wanazipenda hizi gari kama wali wa sikukuu.

Nikamwambia yule bwana asante, nenda salama. Mama akanitazama tu.

Sasa nisikufiche, sikulikataa dau kwa sababu ya mapenzi ya gari. Nilikuwa na hesabu zangu. Nilikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja ya hapa mjini. Mwaka 2020 corona ilipofunga anga tulirudishwa nyumbani kwa mkupuo mmoja, mpishi, dereva, mhudumu, wote. Mji mzima ulinuna. Nikajiapiza kwamba sitaki tena kuishi kwa kusubiri KLM itue KIA ndipo nile. Karatu ina vitu viwili visivyotegemea mtalii: mazao na njia mbovu. Vitunguu vya Mang'ola lazima vitoke, mahindi ya Mbulumbulu lazima yaende, na mvua ikinyesha magari mengi mazuri yanabaki kuoshwa. Ukiwa na kitu chenye magurudumu manne yanayovuta yote, unakula.

Mwaka 2022 kazi ikarudi, nikaanza kuweka akiba. Nikaenda kwa fundi mmoja mzee, amekula chumvi nyingi kwenye magari ya watalii Arusha kabla ya kurudi kufungua kijiwe chake njia ya Ngorongoro. Tulilivuta kwa trekta kutoka Rhotia mpaka kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umeniletea gari au umeniletea msiba?"

Akavaa miwani, akaingia chini, akatoka baada ya nusu saa. Ripoti yake ikawa hivi: bodi nzima, difu nzima, gia boksi inasemeka. Chesesi imeliwa vibaya nyuma, pale panapobeba mzigo, na mikono miwili inayoshikilia bodi imekwisha kabisa. Mbele iko imara. Akanionyesha kwa kidole chenye grisi namba ya chesesi ilivyogongwa kwenye chuma, kulia, mbele, pale springi inaposhikwa. "Hapa hatutagusa," akasema. "Ukikata hapa umeua gari, hata ungeweka kila kitu kipya." Sikumwelewa siku ile. Leo nimemwelewa sana.

Kuchomelea chesesi kulichukua miezi miwili, kwa sababu umeme, kwa sababu pesa, na kwa sababu fundi mwenyewe akishaona kazi nzuri anapenda kuitazama. Alikata sehemu yote mbovu ya nyuma, akaweka vyuma vipya vinene, akapiga rangi ya kuzuia kutu mpaka ndani ya mabomba. Mimi nilikuwa naenda baada ya zamu, navua sare ya mapokezi, navaa ovaroli, nashika msasa. Kucha zangu ziliaga dunia. Kuna kijana mmoja mtanashati wa benki alikuwa ananitolea macho kipindi hicho. Siku aliyonikuta nimelala chini ya gari nimeshika spana namba 17 akasema anarudi. Namsubiri.

Ubishi mkubwa ukaja kwenye injini. Ile ya asili ni ya petroli, cc 2,286, farasi sabini na ushee, na inakunywa kama ina msiba. Kijiweni wakagawanyika. Wazee wakasema orijino ni orijino, sagia valvu, badilisha ringi, weka kabureta mpya, gari iite jina lake. Vijana wakasema tupa kule, weka ya Toyota. Mgeni mmoja wa pale lojini, Mwingereza, nilimwonyesha picha, nusura alie. Akanisihi nisibadilishe hata boliti, kwao watu wanazitunza hivyohivyo. Nikamwelewa, lakini yeye anaitoa Jumapili kukiwa na jua, anakwenda nayo kunywa chai. Mimi nikikwama Mang'ola usiku na vitunguu vya mtu, chai hainisaidii.

Nikachukua Toyota 3L. Dizeli, cc 2,779, haina kompyuta wala sensa za kukuchanganya, na ndiyo iliyokuwa kwenye HiAce nyingi zilizobeba abiria nchi hii. Maana yake spea zake ziko kila kona na fundi wake ni yeyote aliyewahi kushika spana. Niliipata kwenye HiAce iliyopinduka, kwa milioni tatu na laki mbili, na hapo nilishuka kwenye bei mpaka sauti ikakauka. Tatizo, injini ya Toyota na gia boksi ya Land Rover hazijuani. Inabidi uchonge pleti nene ya kuziunganisha, na ikikosea hata unywele mmoja, klachi inakula beringi kila mwezi. Fundi akanipeleka Arusha kwa mchongaji. Wakati tuko kule duka moja likaniuzia klachi pleti "jenuini" ndani ya boksi zuri lenye nembo. Ilidumu siku nne. Niliporudi nayo, muuzaji akaniuliza kama ninajua kuendesha gari.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni breki. Injini ya petroli inavuta hewa yenyewe, na uvutaji huo ndio unaolisaidia buta la breki. Dizeli haina mvuto huo. Ukibadilisha injini bila kufikiri unabaki na pedo ngumu kama jiwe. Lakini alternata ya hizi Toyota ina pampu ndogo ya kuvuta hewa imefungwa mgongoni mwake. Mzee akaiunganisha na buta la HiAce, akaniambia, "Mama, kupanda Ngorongoro kila mtu anapanda. Kuna kushuka."

Kwenye bodi ndipo tulipogombana. Fundi bodi, kijana wa watu, alikuwa na ndoo ya puti na grenda, anataka kila kitu kiwe laini kama kioo. Akafika kwenye mlango wa dereva, kwa ndani. Pale baba alikuwa amekwaruza kwa msumari mistari midogo midogo, minne imesimama na wa tano umekatiza, mafungu kwa mafungu, mlango mzima. Kijana akawasha grenda. Nikapiga kelele mpaka mama ntilie wa jirani akamwaga maharage.

Nilimleta mama akaiangalie. Aliweka kidole kwenye kona ya chini, akasema hii ni El Niño. Mvua za 1997 na 1998 zilikata njia zote, lori hazikufika vijijini, baba akawa anapeleka mahindi kwa Land Rover, gunia kwa gunia, kwa mkopo. Kila mstari gunia. "Wangapi walilipa?" nikamuuliza. Mama akacheka. Kaka zangu hawaipendi kabisa hadithi hiyo, wanasema ndiyo iliyotufanya masikini. Labda. Mlango tumeuacha ulivyo, tumeupiga vanishi tu juu. Na ule wa kushoto nikaurudisha kutoka kwenye banda la mbuzi, hauna mstari wowote ila harufu.

Baada ya hapo nikawaachia vijana wafanye mambo yao. Bampa la bomba, benchi za kukunja nyuma, vyuma vya turubai, tairi 750-16 zenye meno, redio. Mmoja akataka tufunge kiti juu ya madigadi kama kwenye ile filamu Hatari! ya mwaka 1962 waliyoipiga Momella huko Arusha, ambayo John Wayne anakaa nje kabisa mbele ya gari na kamba yake ya kukamatia wanyama. Nikamwambia hapa tunakamata magunia. Rangi nikachagua kijani ileile. Wakataka kuandika "Usinionee Wivu" kwenye kioo cha mbele, nikakataa. Kesho yake nikakuta imeandikwa "Sufuria". Hiyo nimeiacha.

Safari ya kwanza ya kazi ilikuwa Juni 2023. Gunia tisa za mahindi za kilo mia, za mwenye duka mmoja wa Endulen. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro watu wanafuga lakini kulima ni marufuku, kwa hiyo mahindi lazima yatoke nje, na nje kwenyewe ndiko Karatu. Tukawa watatu, mimi kwenye usukani, mzee fundi pembeni, utingo juu ya mzigo amejifunika shuka.

Ukipita lango la Loduare lami inakuaga. Unapanda kwenye msitu, kona juu ya kona, ukungu unaingia mpaka ndani ya mifupa. Ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200, na saa moja asubuhi Juni pale ni baridi ya kukutoa machozi. Stelingi ya 109 haina msaada wowote, ni mabega yako tu. Gia ya pili, ya tatu, ya pili tena. 3L ikawa inanguruma taratibu kama mzee anayesimulia. Magari ya watalii yakawa yanatupita, mengine yanapunguza mwendo na wageni wanatoa kamera. Wanasahau wamekuja kuona simba!

Pale juu, ukungu ulipoachia, kreta ikaonekana yote, kama mita 600 chini. Mzee akaniambia nisiangalie. Tukaiacha barabara ya Serengeti, tukashika ya Endulen, na hapo ndipo kushuka kwenyewe. Nikavuta ule mkono mwekundu wa gia nzito, injini ikashika gari, nikagusa breki. Ikashika. Nikagusa tena, ikashika. Mzee alikuwa ameshikilia dashibodi kwa mikono yote miwili. Tulipofika chini akaiachia, akajifanya anafuta vumbi.

Ukanda ule Land Rover si wageni. Tarehe 17 Julai 1959, pale Olduvai, Mary Leakey alipoliona lile fuvu la Zinjanthropus, alikimbilia Land Rover kurudi kambini kumwamsha mumewe aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mimi nilikuwa na habari ndogo zaidi, ila nilimpigia mama mtandao uliposhika. Nilimwambia tu, "Zimefika zote tisa." Akauliza, "Wamelipa?" Walilipa.

Tangu hapo gari halijalala. Limerudisha pesa ya injini, limerudisha ya chesesi, limempeleka mama kliniki, limevuta HiAce mbili kwenye matope. Kaka zangu hawakuwahi kuuliza lolote. Kaka wa pili alilikodi mara moja kubeba mbao, akalipa nusu.

Halafu ikaja Oktoba 2024. Arusha walifanya tamasha la Land Rover, lengo likiwa kuvuka msafara wa magari 632 uliofanyika Ujerumani mwaka 2018. Acha bwana! Zilikuja za kila umri, zilizong'arishwa na zilizofungwa kwa kamba, za kampuni na za wakulima. Nikaenda na Sufuria yangu. Bwana mmoja kutoka Nairobi akaizunguka mara tatu, akafungua mlango, akaona mistari ya baba, akauliza bei. Nikasema haiuzwi. Akataja milioni 18. Kuna mtu alikuwa anarekodi kwa simu, na si unajua simu za siku hizi. Kabla sijafika Makuyuni, Rhotia nzima ilikuwa imeshaona.

Usiku ule kaka mkubwa akapiga. Tangu matanga hajawahi kunipigia bila shida.

"Hongera sana mdogo wangu. Hivi gari letu linaendeleaje?"

Letu!

Tangu hapo ni maneno juu ya maneno. Kadi ya gari bado ina jina la marehemu, na msimamizi wa mirathi ndiye yeye, kwa hiyo kuibadilisha lazima asaini. Hasaini. Hoja yake ameipanga vizuri, nampa sifa zake. Anasema ukoo ulinipa gari bovu moja, na yeye halikatai hilo gari bovu, nilichukue. Ila hili si bovu. Kama ni lilelile la baba, basi thamani yake imepanda na ni mali ya mirathi, igawanywe. Na kama si lilelile, basi gari la baba liko wapi? Nimelipeleka wapi? Baba mdogo, aliyeandika ule muhtasari kwa mkono wake, sasa anasema alikuwa anatania.

Nilimpelekea mzee fundi swali hilo. Akawaza, akasema chesesi mbele ni ya baba yako, nyuma ni yako. Difu za baba yako, injini yako, gia boksi ya baba yako, klachi yako, bodi ya baba yako, rangi yako. "Mlango wa dereva?" nikamuuliza. Akasema huo ni wa waliokopa mahindi.

Kikao ni Jumapili hii, saa nane mchana, nyumbani kwa mama. Mama amesema atasema neno lake siku hiyo, hataki kuulizwa kabla. Nina bahasha ya risiti, pamoja na ile ya klachi ya siku nne. Na kuna kitu kaka zangu hawakijui. Mzee fundi hatupi kitu. Injini ya petroli, kabureta, vipande vya chesesi vilivyooza, waya, tairi za mwaka 2009, hata kile kiti chenye manyoya ya kuku, vyote viko nyuma ya kijiwe chake, vimefunikwa turubai. Gari bovu moja, kamili. Jumamosi jioni nakwenda kuvipakia.